Nyuzi Thelathini na Nane, Kulia

Siku hizi mtu akiniuliza kazi yangu, nasema mimi ni saveya, basi, halafu namuuliza habari za majani chai. Zamani ningemweleza mpaka achoke. Nilikuwa na majivuno ya ajabu kuhusu kona. Barabara iliyonyooka, nilikuwa nikisema, hata mlevi ataipima kwa kamba; kona ndiyo inayomtenga fundi na kibarua. Nilisema hivyo hotelini, nikiwa na chapati mdomoni, na watu wakacheka. Mjinga mimi.

Tulikuwa tunaweka vigingi vya barabara ya lami inayopanda kutoka Keumbu kuelekea upande wa Nyamira. Kompyuta ya kazi ikaharibika, ikapelekwa Nairobi, na injinia akasema tungoje. Tungoje nini? Nikamwambia kona moja haiwezi kunishinda, kikokotoo na karatasi vinanitosha. Alikuwa mtu wa hasira za karibu. Mwezi uliotangulia alikuwa amemfukuza mpimaji mwenzangu kwa sababu ya kigingi kimoja. Akanitazama, akasema, "Haya. Ukikosea, usirudi hapa."

Hesabu yenyewe si uchawi. Unaanza pale barabara iliyonyooka inapotaka kupinda. Unajua bearingi yake, yaani inaelekea wapi ukihesabu nyuzi kutoka kaskazini. Yetu ilikuwa sitini na mbili. Unajua itapinda kiasi gani: nyuzi thelathini na nane, kushoto. Kwa kila mita ishirini za kona unapata pembe ndogo, na kwetu ilikuwa nyuzi nne na dakika arobaini na sita. Kona ikienda kulia, unaijumlisha kwenye bearingi. Ikienda kushoto, unaitoa. Kikokotoo kinakupa kigingi kisimame mashariki kiasi gani na kaskazini kiasi gani. Mwishoni unahakikisha kwamba kona imeshikana na barabara inayofuata. Uhakiki huo ni kazi ya robo saa. Sikuufanya. Na pale pa kutoa, nikajumlisha.

Ijumaa alasiri tukaweka vigingi vitatu. Cha kwanza kwenye majani chai, cha pili kwenye migomba. Kijana aliyeshika mlingoti wa kupimia akasema, "Mkubwa, mbona tunaingia kwa boma ya watu?" Nikamwambia ashike mlingoti, aache kufikiri. Cha tatu kikasimama uani mwa mama mmoja mjane, upande wa kulia wa nyumba, hatua moja na nusu kutoka kwa kaburi la mumewe.

Mama akatoka, leso mabegani, mvua imeanza kudondoka. Akaniuliza kwa Ekegusii. Mimi ni mtoto wa Nyamarambe, nilinyonya lugha hiyo, lakini nilimjibu kwa Kiswahili cha ofisini ili ajue anazungumza na serikali.

"Mwanangu, barabara itapita juu ya omogaka wangu?" Omogaka ni mzee, na kwa mke ni mume.

"Mama, hesabu haidanganyi. Kigingi kikishasimama, kimesimama."

"Na tingatinga zinakuja lini?"

"Wakati wowote," nikasema. Sikujua zinakuja lini. Nilikuwa nalowa, nilitaka kuondoka.

Jumamosi asubuhi, chumbani kwangu Keumbu, nikafanya ule uhakiki, kwa kupoteza wakati tu. Mwisho wa kona yangu ulikuwa zaidi ya mita hamsini mbali na mahali ulipotakiwa. Nikarudia. Nikarudia tena. Loo!

Kutoka hapo hadi kwa yule mama ni dakika ishirini kwa bodaboda. Ishirini! Lakini ilikuwa Sabato, na wengi wa huko ni Wasabato; nikajiambia, mama yuko kanisani. Nikajiambia nikionekana nang'oa vigingi peke yangu, maneno yatamfikia injinia kabla ya jua kutua. Jumatatu alfajiri nitavitoa taratibu, niviweke panapostahili, na hakuna atakayejua. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha siku mbili nzima, na Jumapili nikaenda misa, nikatoa sadaka.

Jumatatu nikafika na nyundo yangu, vile viwili vya kwanza nimekwisha kuving'oa njiani. Upande wa kulia wa nyumba palikuwa na shimo wazi, na kigingi changu kimesimama ukingoni. Upande wa kushoto palikuwa na rundo la udongo mwekundu, mbichi.

Kwetu mume huzikwa kulia kwa nyumba, mke kushoto. Hakuna asiyelijua hilo, hata sisi tuliosoma. Mama alikuwa amewaita wanawe Jumapili wachimbe. Shemeji zake walikataa kugusa jembe, wakasema maiti haamshwi, wakaondoka wakitema mate. Mchungaji naye akasema hajui ombi la kazi hiyo. Basi mama akaomba mwenyewe. Kulia kote kungepita malori, hivyo akamlaza mzee kushoto, mahali alipokuwa amejiwekea yeye.

Alinisimulia haya akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, macho mekundu. "Mimi watanizika wapi, hata sijui," akasema. "Lakini hatakanyagwa."

Nikamwambia barabara imehamishwa. Nikasema ni wakubwa, wamebadilisha ramani. Maneno yalinitoka kwa Ekegusii safari hii, laini kabisa.

Kisha akauliza, "Sasa haitapita hapa?"

"Haitapita, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nimrudishe?" Akajijibu mwenyewe kabla sijafungua kinywa. "Hapana. Mara mbili hapana. Wanangu wamekataa hata kula tangu jana."

Nilianza kung'oa kigingi. Kilikuwa kimeshika kweli kweli. Nilikipiga huku na huku kama mtu anayeng'oa jino. Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, niambie ukweli," akasema. "Kama ningengoja mpaka leo asubuhi, omogaka angekuwa amelala pale pale?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Nilimwona injinia, nikaiona kazi, nikayaona yale majivuno yangu yote ya hotelini.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Angekuwa pale pale."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi kosa ni langu," akasema. "Shemeji zangu waliniambia nina haraka. Walisema kweli."

Nikamwambia asijilaumu sana, nikachukua vigingi vyangu vitatu, nikaenda kupima kona.