Viatu vya Mzee Makokha

Sitati husafiri na mkoba mmoja wa mgongoni, hata akiitwa kuongoza matanga ya siku tatu. Ndani utapata shati jeupe, tai, Biblia, wembe, na jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba. Miguuni anavaa gambuti. Watu wa Nakuru humtania kwamba emsii mzima anatembea kama mtu aliyetoka kukamua ng'ombe, naye hucheka nao, kisha anaenda zake.

Lakini gusa vile viatu uone! Kila kimoja huvalishwa soksi kuukuu kwa nje, visisuguane mkobani. Ndani amevijaza gazeti la jana lililokunjwakunjwa ili visibonyee na unyevu unyonywe. Vikilowa, hathubutu kuvianika karibu na jiko, hata kukiwa na baridi ya Mau. Huvilaza ubavu soli zipate hewa, na kila baada ya chakula anabadilisha gazeti. Kiwi hubeba kidogo tu, ya kujaza kizibo cha chupa. Ikiisha ugenini, anaomba mafuta ya kukamulia kwa mama wa boma, anachota kwa ncha ya kidole, anasugua mpaka ujione uso. Mkewe, Naliaka, husema angezaliwa kiatu angekula maisha. Ila hajui ni viatu vya nani. Sitati alimwambia alivinunua mtumba.

Mtumba wapi! Ni vya baba yake, mzee Makokha, aliyekuwa gadi wa treni maisha yake yote. Mzee alivivaa Jumapili na sikukuu, na alivipigilia vyuma vidogo visiginoni visilike. Watoto kwenye nyumba za reli walimsikia kabla hajakata kona: ko, ko, ko. Mama yao alikuwa akisema, "Zimeni redio, baba yenu huyo," na kila mtu anatafuta kitabu cha kushika.

Miaka sita iliyopita mzee aliugua. Siku moja wodini alimshika Sitati mkono. "Mnizike na viatu vyangu," alisema. "Sitaki kufika huko pekupeku kama mtu ameporwa."

"Sawa, baba."

"Sitati, umesikia?"

"Nimesikia, baba. Nitakuvalisha mimi mwenyewe."

Na kweli alimvalisha. Alifunga kamba, akapitisha kitambaa juu. Baba yake mdogo alikuwa amesimama mlangoni pa mochari, mikono nyuma. "Mvue hizo," akasema. "Maiti haivalishwi viatu. Akienda navyo atarudi." Sitati alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na watoto wake, na kauli yake kanisani. Akainama akafungua kamba kama mtoto aliyetumwa dukani. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba hakusema hata neno moja.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, koti likaenda huku, kofia ikaenda kule. Viatu havikuonekana. Vilikuwa tayari mkobani mwa Sitati. Alijiambia hangevumilia kuviona miguuni pa mtu mwingine. Hebu tuseme ukweli: alivitaka, na vilimtosha sawasawa.

Safari ya kwanza navyo ilikuwa Longonot, mazishi ya mtu wa kwaya. Alishuka stejini akashika njia ya vumbi, gambuti miguuni, viatu mgongoni. Nyuma yake akasikia: ko, ko, ko. Akageuka. Njia ilikuwa tupu mpaka relini. Akasema ni visigino vinagongana mkobani, na ndiyo siku alianza kuvivalisha soksi. Wapi! Akaongeza gazeti, akafunga kila kimoja na kamba. Ko, ko, ko, mchana kweupe, hatua kumi nyuma yake. Akivivaa, kimya. Akivibeba, anafuatwa. Jamani, mtu huyo angewaambia nini watu? Alizidi kuvitunza tu. Alidhani vikitunzwa vizuri, mzee atatulia.

Hivi majuzi akaitwa Olenguruone. Kipngetich, aliyeimba naye kwaya Nakuru miaka mingi, alikuwa amefariki. Mvua ilikuwa imenyesha, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, na hatua zile zilimfuata mlima wote, kavu kabisa, kama mtu anayetembea kwenye simiti. Alifika bomani jasho likimtoka na baridi yote ile.

Walimpa kiti kwenye stoo avae. Alikuwa anatoa gazeti kwenye kiatu cha pili wakati mjane, Jepleting, aliingia na kufunga mlango.

"Baba Quincy, shida iko," alimwambia Sitati. "Mzee wangu aliomba azikwe na viatu. Nimemvalisha asubuhi. Sasa shemeji Kimutai ameshika kwamba lazima zitolewe. Anasema atakuuliza wewe mbele ya watu, kwa sababu wewe umezika wengi."

"Mama Fancy, hayo ni ya ukoo," Sitati alimjibu.

"Najua. Lakini nilimwambia ndiyo. Akiwa hai, nilimwambia ndiyo." Akaangalia viatu vya Sitati pale magotini. "Hizo umetunza sana. Ni za nani?"

Sitati alifungua mdomo aseme mtumba. Akainama akafunga kamba.

Nje, jeneza lilikuwa juu ya meza, watu wamejaa mpaka kwenye ua. Kabla hata ya wimbo wa kwanza, Kimutai akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelia usiku kucha na macho yalikuwa mekundu, na aliogopa kwa ajili ya boma la ndugu yake.

"Emsii, wewe ndio unajua hii kazi," akasema. "Waambie. Mtu anazikwa na viatu?"

"Aliomba?" Sitati akauliza.

"Aliomba. Lakini akienda na viatu atarudi. Wazee wote wanajua."

"Basi aende navyo."

Minong'ono ikaanza. Kimutai akasogea karibu. "Rahisi kusema kwa boma ya wengine, mzee. Baba yako wewe, ulimzika na viatu?"

Sitati alimwona Jepleting amesimama kando ya jeneza, mkono juu ya mbao. Kama angenyamaza, wangefungua jeneza na kumvua, na huyo mama angetembea na hiyo kitu maisha yake yote. Alijua inavyotembea.

"Hapana," akasema. "Aliniomba, nikamwahidi, kisha nikamvua kwa mikono yangu. Nilimvua ili asirudi." Akainua mguu mmoja kidogo, kila mtu akaona. "Ndivyo hivi. Na amerudi, Kimutai. Amenifuata mpaka hapa kwenu leo."

Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Kimutai aliviangalia vile viatu, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. "Mfunikeni kaka yangu," akasema. Kipngetich akateremshwa na viatu vyake.

Sitati hakulala huko. Alishuka Njoro alasiri, akaenda shamba la familia ambako mzee amelala, akachukua jembe stoo. Alikaa chini kando ya kaburi, akavivua viatu. Alitoa tope la Olenguruone kwa kijiti, akapaka kiwi yote iliyobaki, akasugua mpaka mkono ukauma. Akafunga kamba vizuri, mafundo mawili, jinsi mzee alivyopenda. Kisha akachimba upande wa miguuni, kina cha mkono mzima, akaviweka sambamba.

"Nimechelewa, baba," akasema. "Nisamehe."

Alirudisha udongo, akavaa gambuti, akashika njia ya katikati ya ngano kuelekea barabarani. Mkoba ulikuwa mwepesi mgongoni. Alipofika nusu akasimama, akasikiliza. Ng'ombe alilia mbali. Akatembea tena, polepole makusudi, kama mtu anayemngoja mwenzake, akasimama akageuka. Njia ilikuwa tupu, na kimya. Hapo Sitati akaketi chini kwenye nyasi, akalia kwa sauti, vile hakulia hata siku ya mazishi, kwa sababu sasa mzee alikuwa ameenda kweli.