Nyasi za Mama Nashipai

Nikipita Isinya na kukuta nyasi zimefyekwa, harufu yake mbichi hunifanya niharakishe. Wenzangu husema inanukia vizuri. Mimi husikia taya likivunjika.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Kitengela. Baba alikuwa mtaalamu wa lugha, Mkikuyu aliyekijua Kimaa, lugha ya Wamaasai, hadi wazee wa Kajiado walikuja kumchokoza ili tu wamsikie akijibu. Kwa mdomo huo huo aliwasema redioni wakubwa waliokuwa wakinyakua ardhi ya wafugaji. Mama alimwonya kwamba mdomo huo utamponza. Alicheka. Wiki hiyo alikuwa ametandika kabro, vile vitofali vya saruji, uwanja mzima, akijisifu kwa kila mgeni kwamba ameaga matope.

Walikuja Jumamosi mchana tukila githeri, wanaume wanne wenye marungu. Walimburuta Baba hadi uwanjani.

“Mzee, hiyo mdomo yako iko na shida,” kiongozi wao alisema. “Leo tunaitengeneza.”

Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili kwenye taya. Meno yalidondoka juu ya ile kabro mpya. Mama alimrukia mmoja, akapigwa teke la tumbo akaanguka.

Jirani yetu, Mama Nashipai, akaingia langoni mbio. Nikajua tumepona. Lakini yeye aliinama akaanza kupapasa chini, akizunguka ukutani kama aliyepoteza sindano, huku Baba akipigwa mbavu. Kisha akatoka nje tena! Nilimchukia pale pale, nikampigia kelele kwamba ni mwoga.

Alirudi na nyasi mkononi, zimeng'olewa pamoja na udongo wake. Akasimama juu ya Baba, akaziinua.

“Vijana, mnaona nini kwa mkono yangu?”

Mmoja wao, kijana mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, aliganda rungu likiwa juu.

“Maliza yeye!” kiongozi alifoka.

“Siwezi. Mama ameshika nyasi.”

“Nyasi ni nini? Piga!”

Kijana alimgeukia na rungu lake. “Ukimgusa tena, utaanza na mimi.”

Wenzake walimtukana matusi yote, wakamrarua shati, lakini wakaondoka.

Kwa Wamaasai, anayeinua nyasi anaomba amani, na atakayeendelea kupiga anajitakia laana. Baba aliifundisha mila hiyo chuoni miaka nenda miaka rudi, na ndiye aliyefunika kila unyasi nyumbani kwetu kwa saruji. Mama Nashipai alikuwa akitafuta hata mmoja tu.

Baba alipotolewa waya zilizoshikilia taya lake alirudi redioni, maneno yakimteleza, akawataja wale wale. Mama aliizima redio, akalia. Nilidhani ni huruma. Leo nina watoto wangu, na najua ilikuwa hasira: Baba alikuwa akitetea ardhi za watu, na sisi ndio tungemwokota tena pale chini.