Shavu la Mzungu kwenye Uso wa Baba

Mwalimu wangu wa uchoraji alikuwa na picha moja tu ya kufundishia, ukurasa uliochanwa kitabuni: mzee wa Kizungu wa zamani, kofia nyeusi, mwanga umempiga shavu moja na nusu nyingine ya uso imezama gizani. "Ukiweza kukopie huyu muzee, utaweza kuchora kila muntu," aliniambia. Nilimwamini, na hadi leo naudhika nikikumbuka.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba, fundi wa reli, alikuwa ameondoka na treni asubuhi moja na hakurudi. Kisha nyumba yetu ikaporwa, na sanduku la picha likaenda na vyombo. Hatukubaki na hata picha yake moja. Mama alinipeleka kwa mwalimu kwa sababu hiyo tu: nijifunze rangi za mafuta, nimrudishie uso wa mumewe. Yeye angekumbuka, mimi ningepaka.

Basi nikanakili. Mwalimu aliugawa ukurasa kwa miraba ya penseli, akaugeuza kichwa chini ili nisione mzee, nione vivuli tu. "Usipake pua. Paka kivuli cha pua." Shavu lile nililipaka, nikalikwangua, nikalipaka tena, mpaka nikalichukia. Treni zikasimama, na mafuta ya kitani, yale yanayofanya rangi ikauke, yakaisha katika mji wetu mzima wa Kindu. Tukakoroga rangi kwa mawese. Mawese hayakauki! Kila mdudu aliyetua kwenye shavu la mzee alibaki hapo hapo. Mwalimu akanipoza: subira huvuta heri. Mimi ilinivutia nzi.

Vita vilipopoa na mafuta ya kweli yakarudi, nilimnakili yule mzee hata mwalimu akasema inatosha. Nikaanza uso wa baba.

Mama alikaa kando yangu akichambua sombe, majani ya muhogo. "Pua, ongeza kidogo. Hapana, si vile." Halafu akaacha majani, akatazama kwa muda. "Mbona nusu ya uso iko mu giza? Baba yako hakukuwa muntu wa kujificha. Na hii shavu haiko yake. Hii njo ya ule muzungu, umeipaka tu rangi yetu."

Alisema kweli. Mkono wangu ulijua shavu moja tu. Nilikwenda sokoni kuwatazama wanaume kwenye jua la saa sita, linalopiga utosini na kuacha vivuli vidogo chini ya nyusi na pua. Nikirudi nyumbani, brashi inarudi kwa mzee wake. Miaka imepita hivyo. Watu huniletea picha za maharusi na za marehemu wao niwachoree, na wananisifu, lakini mimi namwona yule mzee katika kila uso ninaoumaliza. Inachosha, sitadanganya. Uso wa baba wenyewe ulinitoka zamani, maana aliondoka nikiwa mdogo. Mama peke yake ndiye aliyebaki nao.

Siku hizi mama anasahau. Anasahau alichokula asubuhi, anasahau njia ya kwenda kwa jirani, mara nyingine hata jina langu. Wiki iliyopita nilimpelekea jaribio jingine, baya kuliko yote, na shavu ni lile lile. Nikangoja anikatalie kama kawaida yake. Akaitazama ile picha, akatabasamu.

"Njo yeye," akasema.

Ndiye: neno hilo nimelingoja tangu utotoni. Lilipokuja, nilitaka kuichana ile turubai.

"Mama, angalia muzuri. Shavu haiko yake. Weye mwenyewe ulisema."

Akanigeukia kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake siku nyingi. "Unanibishia juu ya bwana yangu? Weye ulimujua wapi?"

Nikatafuta msumari, nikaitundika ukutani, mahali alipotaka.