Safari ya Mkunya Mwaka Mvua Ilipokosekana

Niliondoka Masasi kwa sababu ya maneno manne aliyoniletea mwinjilisti kutoka Newala: "Agnes amejifungua. Hana maji."

Agnes ni mdogo wangu, ameolewa na mkulima wa Mkunya. Mvua zilikuwa zimekosekana, na kule Mkunya, juu mlimani, watu hushuka bondeni kuteka maji. Watoto nilimwachia mume wangu, mwalimu wa shule ya misheni.

Alfajiri nilipanda lori la Mhindi mmoja mwenye duka Newala, nikakaa juu ya magunia ya chumvi. Kila mwanamke tuliyempita amebeba mtungi, nilimtazama usoni nikihofu ni Agnes.

Saa sita tulifika Newala. Kwenye nyumba ya Mzungu mmoja palikuwa na tangi kubwa la kukinga maji ya mvua chini ya bati, na mtumishi akimwagilia maua.

"Shikamoo, baba. Naomba maji ya chupa moja tu, nina mzazi Mkunya."

"Marahaba." Akatupa jicho dirishani. "Nikikupa nitafukuzwa, mama. Hata mke wangu anashuka bondeni."

Mwenye lori ndiye aliyenijazia chupa kutoka pipa lake, akanisihi niifiche ndani ya kanga, watu wasije wakajaa dukani.

Alasiri niliingia Mkunya kwa miguu. Mama mkwe wa Agnes, mzee asiyeona vizuri, alikuwa peke yake na mtoto mapajani.

"Shikamoo, mama. Agnes yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Amekwenda bonde la Kitangari kuteka maji."

"Mzazi wa siku sita?"

"Mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge. Mimi njia siioni. Aende nani?"

Nilimwekea chupa mkononi, nikatoka mbio. Kila kona niliita jina lake. Nilimkuta kwenye mteremko, ameegemea ukingo wa njia, kanga imelowa damu, mtungi ameubana kwa magoti.

"Dada," alisema, "sikuyamwaga."

Wanawake waliokuwa wakipanda walitusaidia kumbeba. Mmoja aliuchukua mtungi. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu, lakini hakuna aliyeonja.

Asubuhi tulimbeba hadi Newala, na lori lile lile likatuteremsha mlimani pamoja na mtoto. Njia nzima nilishika mkono wa Agnes, nikiogopa kila ulipolegea. Hospitalini Masasi alilazwa majuma mawili. Akapona, na mtoto akanyonya.

Siku ile ya kurudi, baada ya kumfikisha Agnes hospitalini, nilikwenda nyumbani. Jirani yangu Mama Asha alikuwa akipita na ndoo tupu. Nyumba yake imeezekwa nyasi. Yetu ya ualimu ina bati na tangi. Juma lililotangulia aliniomba maji, nikamjibu ni ya walimu.

Njiani nilikuwa nimemlaumu Mzungu, nikamlaumu na Mhindi aliyeficha pipa lake. Mimi mwenyewe sikujitia hesabuni. Ukame ulikuwa umetufikia sote, lakini adhabu yake waliipata wasio na bati.

"Mama Asha," niliita, "lete ndoo."

Alisimama, akanitazama.

"Ahsante, Mama Yohana. Njia nimekwisha kuizoea."

Akaendelea na safari yake. Niliijaza ndoo yangu, nikajitwika, nikaenda kuiweka mlangoni kwake.