Kisasi cha Hilda Ormerod

Shangazi wa mume wangu, Hilda Ormerod, hakuwahi kumpiga mtu hata kofi, lakini alijua maneno ya kisasi kuliko jambazi yeyote. Wreak, venge na mengine ya aina hiyo: maneno ambayo Waingereza waliacha kuyatamka zamani za kale, wakayahifadhi kwenye chemsha bongo ya gazeti, yakae humo ndani ya visanduku vyake. Jambo hilo lilimshangaza mpaka uzeeni.

"Hebu niambie," alikuwa akinisimamisha nikiwa na sahani mkononi, "watu wanaoomba radhi hata wakikanyagwa wao, maneno yote haya walikuwa wanayafanyia nini?"

Nilimjibu kwamba pengine ndiyo maana wanaomba radhi. Akaifikiria hiyo siku nzima.

Chemsha bongo aliijaza kila asubuhi na Enid Crabtree, jirani yake wa ukuta mmoja. Walisaidiana kila kitu isipokuwa neno la mwisho. Kwetu Yorkshire, neno la mwisho ni la mwenye gazeti. Hata akilitafuta mpaka giza liingie, wewe unanyamaza, unakula biskuti yako. Usicheke. Kuna watu waliohama kanisa kwa makosa madogo kuliko hayo.

Sasa, Enid alikuwa na mdomo mwepesi na kalamu nyepesi zaidi. Siku moja Hilda alikwenda jikoni kuongeza maji ya chai. Aliporudi, akakuta neno la mwisho limeshajazwa, tena kwa wino.

"Umechelewa mno, mpenzi," Enid akasema.

"Nilikuwa jikoni!"

"Jikoni tangu saa tatu? Neno lenyewe hata paka wako analijua."

Hilda akamfungulia mlango. Tangu hapo, wakikutana buchani, kila mmoja aliiangalia nyama. Miaka ikaenda hivyo. Shangazi aliendelea kununua biskuti anazopenda Enid, zikalainika koponi bila mlaji, na nikimuuliza, ananiambia nishughulike na ya nyumbani kwangu. Alimkumbuka mno rafiki yake. Mimi kiburi kile kiliniudhi.

Kisha Enid akaanguka, akahamishiwa nyumba ya wazee. Mwanawe akatuambia macho yamefifia, hali chakula, haamki kitandani, anageukia ukuta tu kama mtu aliyeshaaga. Hilda akavaa kofia ya kanisani.

"Nipeleke."

"Mkapatane?"

"Nikalipize kisasi."

Hakumsalimu. Alivuta kiti, akafungua gazeti, akaanza kusoma vidokezo kwa sauti. Akasoma kimoja, kingine, na kingine. Mwishowe sauti ikatoka kwenye mto wa kitanda, ikajibu, tena kwa dharau. Wakaendelea hivyo mpaka likabaki neno moja: kisasi cha kale, herufi sita.

"Silikumbuki," Enid akasema. "Litaje."

"Neno la mwisho nakuachia wewe."

"Hilda! Unalijua!"

"Nalijua sana. Nitakuja kesho."

"We mwanamke una roho mbaya! Rudi hapa!"

Nesi akaja mbio kutoka ukumbini, akidhani mgonjwa amedondoka. Alisema hajawahi kumsikia akipaza sauti.

Kesho yake tulimkuta ameketi kitini, nywele zimechanwa, na majibu yake tayari. Yote siyo. Siku iliyofuata alikuwa amekula uji. Hilda alitikisa kichwa, akamkatia mkate wa tangawizi, wakawasengenya wanakwaya mmoja mmoja, tukaondoka. Ikawa ndiyo desturi. Lakini majibu ya Enid yalizidi kuwa ya kipuuzi. Mara ataje samaki, mara ataje aina ya kofia. Nikaona akili inamtoka, na shangazi bado kakaza uzi. Moyo uliniuma.

Jumapili moja Hilda alipotoka kuomba chai, nikashindwa kuvumilia. Shangazi alikuwa ameshanitajia jibu garini. Nikainama sikioni mwa Enid.

"Bibi Enid, ni ultion. Mwambie, muyamalize."

Akanikamata mkono, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Funga mdomo, mtoto wewe. Nalijua tangu siku ya pili. Nikilitaja, atakuja kufuata nini?"