Mwalimu Alicheza Mwisho

Leo nimemtangaza mwalimu wetu kwa maikrofoni, kuinua macho, ukumbi mtupu.

Mnajua naendesha chama cha ngoma za Kihindi huku ughaibuni, hapa Germantown. Leo tulikuwa na onyesho letu la mwaka. Kwa desturi yetu mkubwa hucheza mwisho, ndiyo heshima yake. Basi watoto wakatangulia.

Na kila mtoto akimaliza, wazazi wanampiga picha, wanamvua njuga, wanaondoka naye.

(Naelewa jamani, kesho shule, na wengine wanakaa mji wa Bowie, mbali.)

Mwalimu, mama wa Kihindi aliyekulia Mombasa, akatoka na njuga zake miguuni. Akaangalia viti. Akacheza ngoma yote, hakuruka hata hatua. Mwisho akaviinamia viti, kama kawaida.

Nikapiga makofi peke yangu. Ukumbi ule una mwangwi mbaya.

Akaniambia, "Mwanangu, mwakani niweke kabla ya watoto."

Nikasema sawa. Sikuhisi kitu. Nikaanza kukunja viti.

Simu ikaita. Mume wangu. Yuko kwenye gari na binti yetu tangu alipomaliza kucheza, anauliza kama bado nina kazi huko ndani.

Nyie mngemjibuje?