Sibolin, mtumwa nusu aliyetoa mwezi wake ili dada abaki na mtoto

Jua limeshapanda juu ya minazi na Sibolin bado anatwanga. Yuko chini ya nyumba, kati ya nguzo, pumba zimemganda shingoni. Juu yake sakafu ya mianzi inalia kila mtu anapopita.

"Sibolin! Mpunga huo unautwanga au unaubembeleza?" sauti ya bibi arusi inashuka.

"Mpunga wenyewe unakataa kuamka, binti wa datu!" Sibolin anajibu, na huko juu wanacheka.

Nyumba hii si ya kwao. Barangay yake, yaani kijiji chake, iko chini, mto unapokutana na ziwa. Huku juu alikuja na bibi huyo, binti wa Datu Manlapas, mkuu wa huko chini, alipoolewa kabla ya mvua za mwaka jana.

Sibolin alizaliwa mtumwa nusu. Baba yake alikuwa mtu huru, mpiga kasia wa datu, na mama yake mtumwa wa nyumba ileile. Watoto waligawanywa kama ilivyo desturi. Wa kwanza, Tumagan, alimfuata baba, akawa huru. Wa pili, Kalawin, alimfuata mama. Sibolin, wa tatu na wa mwisho, akakatwa kati: mwezi mmoja kwa datu, mwezi mmoja kwake.

"Mwezi wangu nilikuwa nalima kishamba changu," anasema. "Mwaka mzuri nilipata vikapu kumi na viwili vya mpunga. Vyangu, havikuguswa na mtu."

Arusi ilipokaribia, mke wa datu alimchagua Kalawin aende na binti. Kalawin alikuwa na mtoto mchanga, wake wa kwanza. Kwa kuwa baba wa mtoto ni mtu huru, na mtoto wa kwanza humfuata baba, mtoto naye ni huru, hivyo hakuwa wa kuchukuliwa.

"Waliniambia mtoto abaki, mimi niende," Kalawin ameeleza huko kwao. "Nikawauliza, na maziwa haya nimpe nani huko?"

Mtumwa nusu hapelekwi barangay nyingine, maana akiwa mbali, mwezi ulio wake mwenyewe ungepotea bure. Sibolin alikwenda kwa datu, aliyekuwa ameketi na mkewe na wazee, akachuchumaa kwa heshima, viganja mashavuni.

"Bwana, chukua na mwezi wangu. Nitakwenda mimi, dada abaki."

Datu alikuwa anatafuna tambuu. Akatema. "Mwezi uliokuwa unaniringia nao?"

"Huohuo, bwana."

"Kwa muda gani?"

"Mavuno matatu. Kisha unirudishie, na wazee hawa wasikie."

Datu aliwatazama wazee, kisha mkewe. "Mmesikia," akawaambia wazee.

Aliyekasirika ni Tumagan. Alimfuata hadi kwenye mtumbwi.

"Umerukwa na akili? Ulikuwa na nusu, sasa huna hata hiyo!"

"Wewe uliye mzima, kaka, ulisema nini mbele ya datu?"

Tumagan akasema kishamba kitaota magugu.

"Basi kilime," Sibolin akamjibu, akapanda mtumbwi.

Amekilima. Wauza chumvi wanaopanda mto ndio walioleta habari, pamoja na kikapu cha mchele mpya na ujumbe wa mdomo kutoka kwa Kalawin: mtoto anatembea, na kila amwonapo mwanamke mwenye ungo humwita Sibolin, jina alilofundishwa na mama yake.

"Nilicheka," anasema. Anachukua ungo, anainama kuokotea punje zilizoruka.

Mwaka huu amekonda, na mgongo unamsumbua. Huku hana mwezi wa kupumzika. Hamlaumu mtu. Bibi arusi, anasema, si mkali, ila hajui kunyamaza.

Msimu mmoja wa mavuno umepita, imebaki miwili. Akirudi anataka kujenga nyumba yake mwenyewe karibu na kishamba, nguzo sita tu, paa la makuti. Tumagan ameahidi kukata mianzi.

"Na huo mwezi wa kwanza utafanya nini?" namuuliza.

Sibolin anaweka ungo chini.

"Siku ya kwanza nitalala. Jua litanikuta ndani. Wakiniita, nitageukia upande wa pili."